Kwa nini nimekataa sifuri: miwani na lenzi baada ya upasuaji wa retina

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea nikiandika juu ya Linux, hifadhidata na programu zinazogoma Ijumaa jioni. Leo naomba mnivumilie niandike juu ya macho. Mwaka jana retina ya jicho langu la kulia ilibanduka, ikarudishwa mahali pake kwa upasuaji, na tangu hapo swali ninaloulizwa kuliko yote si kama iliuma wala iligharimu pesa ngapi. Ni hili: "Sasa utavaa miwani namba ngapi?" Wengi wanaouliza ni watu wa fani yangu, watu wanaokula jasho la skrini, na wawili kati yao wameambiwa kuwa retina zao nazo zina matundu.

Mimi si daktari. Ukianza ghafla kuona miale ya mwanga pembeni, au vidoti vyeusi vinavyoelea vikaongezeka, au kitu kama pazia kikishuka upande mmoja, acha kusoma hapa uende hospitali leo hii, si kesho. Haya ya miwani ni ya baadaye. Lakini kwa huo wakati wa baadaye nina maoni, na nitayasema waziwazi: jicho lililofanyiwa upasuaji wa retina lisirekebishwe kwa kufuata chaguo-msingi. Waandishi wa programu mnajua chaguo-msingi ni nini. Ni ile thamani inayowekwa mtumiaji asipochagua kitu. Kwenye macho thamani hiyo ni sifuri, yaani jicho lione mbali bila miwani. Ni thamani nzuri kwa watu wengi. Kwangu ni mbaya, na naamini ni mbaya kwa wengi wa walio katika hali yangu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba mara nyingi mgonjwa haulizwi.

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Dayopta ni hesabu ya darasa la sita: gawa 1 kwa umbali kwa mita. Mtu wa hasi 2 huona vizuri mpaka nusu mita, kisha dunia inaanza ukungu. Mtu wa hasi 4.5, kama nilivyokuwa mimi macho yote mawili tangu ujana, huona vizuri mpaka sentimita 22 hivi. Macho ya namna hii huwa marefu kuliko kawaida, retina yake imevutika, na ndiyo sababu sisi tusioona mbali tuna hatari zaidi ya retina kuchanika. Hilo nilikuwa nalijua kwa kusoma. Kulijua hakuzuii kitu.

Sasa, upasuaji wa retina haugusi namba hiyo kwa makusudi, lakini unaivuruga kwa njia zaidi ya moja. Tangu Jules Gonin wa Lausanne, aliyeonyesha miaka ya 1920 kwamba siri ni kutafuta tundu na kuliziba, madaktari wameongeza silaha tatu kubwa, na kila moja ina alama yake.

Ya kwanza ni kamba ya silikoni inayozungushwa nje ya jicho, chini ya ngozi yake nyembamba. Inalibana kama mshipi kiunoni. Jicho likibanwa katikati hurefuka, na jicho likirefuka namba inakwenda upande wa hasi, mara nyingi kwa dayopta 2 au 3. Kamba hiyo kwa kawaida hukaa humo maisha yote, kwa hiyo na namba yake hukaa.

Ya pili ni kuutoa ute mzito wa ndani ya jicho, kazi ambayo Robert Machemer aliifungulia njia huko Miami mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha kulijaza jicho gesi ili isukume retina ikauke mahali pake. Gesi ikiwa ndani huoni kitu cha maana, na hakuna miwani duniani itakayokusaidia. Unasubiri tu, kama wiki 2 kwa aina moja, wiki 6 hadi 8 kwa nyingine. Nikiwa hapa niweke neno kwa watu wa Kenya, kwa sababu nchi yetu ina milima: gesi hutanuka shinikizo la hewa likipungua. Kila mtu anajua haruhusiwi kupanda ndege akiwa na gesi ndani ya jicho. Wachache wanafikiria kwamba kutoka Mombasa hadi Nairobi, hata kwa basi au kwa reli, unapanda zaidi ya mita 1,600. Gesi haijui kama umepanda kwa ndege au kwa basi. Muulize daktari kabla hujakata tiketi.

Ya tatu ni mafuta ya silikoni, ambayo huachwa ndani kwa miezi kadhaa kisha hutolewa kwa upasuaji mwingine. Mafuta haya hupinda mwanga zaidi ya ute wa asili, na katika jicho ambalo bado lina lenzi yake, yanaisukuma namba upande wa chanya kwa dayopta 5 au 6. Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Nilikuwa hasi 4.5. Kamba ikaongeza kama 2, nikafika hasi 6.5. Mafuta yakarudisha kama 6. Kwa miezi minne nilikuwa na jicho la hasi 0.5, jicho ambalo tangu darasa la tano sijawahi kuwa nalo. Niliona bango la upande wa pili wa barabara bila miwani, limepindapinda kidogo, lakini niliona. Shangazi yangu akatangaza ukoo mzima kwamba nimepona.

Wakati huo huo duka moja la miwani hapa mjini, silitaji, lilinipima jicho likiwa na mafuta na kunitengenezea bei ya miwani mipya, lenzi za kupunguza mng'ao, fremu na kila kitu. Nilimwambia kijana wa dukani kwamba mafuta yatatolewa baada ya wiki tano. Akasema, "Haidhuru mzee, namba ikibadilika utarudi." Bila shaka ningerudi! Nilimshukuru nikaondoka na pesa yangu. Ikiwa jicho lako lina mafuta, au lina gesi, au limetoka kufungwa kamba mwezi uliopita, namba unayopimwa ni ya muda tu. Vaa miwani ya bei rahisi ikiwa kweli huwezi kufanya kazi bila hiyo, na usubiri vipimo viwili vilivyoachana wiki kadhaa vitoe jibu moja. Kwa wengi hiyo ni miezi miwili au mitatu baada ya upasuaji wa mwisho.

Kwangu vipimo havikutoa jibu moja. Mafuta yalipotoka nilipimwa hasi 6.5, kama hesabu ilivyotabiri. Miezi minne baadaye hasi 7.75. Sasa ni hasi 9. Retina imetulia, kamba haijasogea. Kinachobadilika ni lenzi ya asili, ile iliyo nyuma ya mboni. Jicho likishatolewa ute wake, mtoto wa jicho huja mbio, hasa kwa mtu aliyepita miaka 50 au anayeikaribia (mimi nina 48). Katikati ya lenzi hugeuka manjano na kuwa ngumu, na kila inavyokuwa ngumu ndivyo inavyopinda mwanga zaidi. Kumnunulia jicho kama hili miwani ni kama kuandika programu juu ya maktaba inayobadilishwa kila usiku.

Na hapa ndipo tatizo halisi lilipo, ambalo swali la "namba ngapi" haliligusi. Tatizo si hasi 9. Kuna watu wa hasi 9 macho yote wanaoishi vizuri. Tatizo ni kwamba kushoto kwangu bado ni hasi 4.5. Tofauti ya dayopta 4.5 kati ya macho mawili ya mtu mmoja haivaliki kwenye fremu moja, na sababu ni mbili. Kwanza, lenzi ya hasi hupunguza ukubwa wa picha, zaidi ya asilimia moja kwa kila dayopta, kwa hiyo ubongo unapokea picha mbili za ukubwa tofauti na kuambiwa ziunganishe. Pili, ukitazama nje ya katikati ya lenzi, lenzi inakuwa prizimu. Hesabu yake ni fupi: sentimita ulizotoka katikati, mara dayopta. Ninaposhuka ngazi natazama chini, labda sentimita 1 chini ya katikati ya lenzi. Tofauti ya 4.5 ikinizidishia hapo, picha za macho mawili zinaachana kwa sentimita 4.5 kwa kila mita ya umbali. Ngazi moja inakuwa mbili. Chagua ya kukanyaga.

Watu wazima wengi huanza kulalamika tofauti inapokaribia dayopta 3. Watoto huvumilia zaidi. Kwa hiyo kwa sasa navaa kitu ambacho hakuna duka litakachokutangazia: miwani yenye namba isiyo sahihi kwa makusudi. Mpimaji mmoja mwenye busara aliniwekea kushoto hasi 4.5 kamili, na kulia hasi 6 tu badala ya 9. Jicho la kulia lina ukungu, lakini limekaa kimya pembeni, linanipa upana wa kuona matatu yanayotokea kulia, wala halinigombanishi na ngazi. Hilo nalo ni chaguo halali. Kama jicho la pili ni zima, kulirekebisha nusu lile bovu, au kuliacha kabisa, si kushindwa. Ila basi lenzi za miwani ziwe za polikaboneti, ile plastiki isiyovunjika kwa urahisi, kwa sababu sasa unalinda jicho moja linalofanya kazi ya mawili.

Kuna wanaoniambia nivae lenzi za kubandika juu ya jicho. Wana hoja. Lenzi ya namna hiyo husogea pamoja na jicho, kwa hiyo ile prizimu karibu inatoweka, na kwa kuwa imekaa juu ya konea, tofauti ya ukubwa wa picha hupungua sana. Kijana wa miaka 25 aliyefungwa kamba, lenzi yake ya ndani bado safi, macho yametofautiana kwa dayopta 3: ningemwambia ajaribu hii kabla ya kitu kingine chochote. Awe tu mtu wa kunawa mikono, asilale nazo, na asizioshe kamwe kwa maji ya bomba, maana kuna vidudu ndani ya maji vinavyoweza kula konea, na huo ni msiba mwingine kabisa. Wapo pia ambao kovu la kamba linawafanya wasiivumilie. Kwangu mimi ingekuwa kubandika kioo safi mbele ya kioo kichafu.

Na leza? Hili naulizwa na vijana: "Si upigwe leza tu?" Leza ya kurekebisha namba inachonga konea. Konea yangu haina kosa. Kosa liko kwenye lenzi na retina, na hakuna fundi mwenye akili anayehariri faili isiyo na hitilafu ili kuficha hitilafu iliyo kwenye faili nyingine. Tena leza hailifupishi jicho. Mtu wa hasi 8 akichongwa konea akawa sifuri, retina yake ni ile ile ya hasi 8, na hatari yake ni ile ile. Sisemi haifai kwa mtu yeyote. Wako ambao retina imetulia miaka, lenzi safi, na daktari wa retina ameridhika. Lakini konea iliyochongwa huja kutatiza hesabu siku ya mtoto wa jicho, na baada ya kutolewa ute siku hiyo haiko mbali.

Kwa hiyo kwangu limebaki lile ambalo lingekuja tu: kutoa lenzi iliyochafuka na kuweka bandia. Wazo hili lina historia inayompendeza mtu wa ufundi. Harold Ridley wa London aligundua kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za vita vilivyoingia machoni mwa marubani havikuleta uvimbe, akachukua plastiki ya aina hiyo, na mwaka 1949 akaweka lenzi bandia ya kwanza. Siku hizi ni kazi ya dakika chache. Na kwa kuwa lenzi unayowekewa inachaguliwa, namba yako ya baadaye nayo inachaguliwa. Kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji wa retina, kuna mtu anauliza jicho liwe namba ngapi. Au tuseme, angeuliza, kama fomu isingekuwa imeshajazwa sifuri.

Fikiria sifuri ingenipa nini. Jicho la kulia, lile lenye retina iliyopata jeraha, lingeona mbali bila miwani. La kushoto, jicho langu zuri, bado hasi 4.5, bado linahitaji miwani. Kwa hiyo miwani ningevaa tu, maisha yale yale, lakini tofauti ingekuwa 4.5, ile ile ninayoikimbia sasa, ila imegeuzwa upande. Ningetoka chumba cha upasuaji na ngazi mbili vile vile. Nimemwuliza daktari wangu ni nini basi hufanywa. Akasema wengi huishia kufanyiwa na jicho la pili ili yalingane. Yaani nikubali kulifungua jicho zima, jicho pekee ninaloweza kulitegemea, jicho refu lenye hatari zake, ili kufuta tatizo lililoletwa na chaguo-msingi. Hapana, asante.

Mimi nimeomba hasi 3. Tofauti na kushoto itakuwa 1.5, ambayo fremu yoyote inaibeba. Usiku nikivua miwani jicho hilo litasoma simu kwa sentimita 33. Na siku ya kushoto ikifika yenyewe, kwa wakati wake, tutachagua namba ya kulingana bila haraka.

Lakini sababu ninayoipenda zaidi ni ya makosa. Kuhesabu lenzi ya jicho lililofanyiwa upasuaji wa retina ni kazi yenye mitego. Kinachopimwa ni urefu wa jicho na mviringo wa konea, na kosa la milimita 1 ya urefu huleta kosa la dayopta 2.5 hadi 3 hivi. Ukipima kwa mawimbi ya sauti jicho likiwa na mafuta, mashine isipoambiwa, inadhani sauti inakwenda kasi ya mita 1,530 kwa sekunde kama ndani ya ute, kumbe kwenye mafuta inakwenda karibu 980 tu. Jicho la milimita 24 linaonekana kama lina zaidi ya 30. Ni kosa lile lile la mtu anayeandika programu ya maili na mwenzake ya kilomita. Mashine za kupima kwa mwanga zimepunguza sana balaa hili, lakini macho kama yangu bado hukosewa kuliko macho ya kawaida. Sasa jiulize: tukilenga sifuri tukakosea kwa 1 upande wa chanya, nina jicho lisiloona vizuri umbali wowote, maana lenzi bandia ya kawaida haijikunji kama ya asili, na tofauti imekuwa 5.5. Tukilenga hasi 3 tukakosea kwa 1, upande wowote, niko kati ya hasi 2 na hasi 4. Tofauti ni kati ya 0.5 na 2.5. Yote yanavalika. Napenda shabaha ambayo hata ukiikosa unaangukia mahali salama.

Sitaki kueleweka vibaya. Kama jicho lako zima linaona mbali bila miwani, sifuri ndiyo inayolingana nalo, ichukue. Dereva ambaye macho yote mawili yana mtoto wa jicho na yatafanyiwa mwaka huu huu, naye anajua anachotaka. Ubishi wangu si na namba. Ni na kutoulizwa.

Kuna jingine ambalo wagonjwa hupewa kama zawadi: lenzi bandia ya kuona karibu na mbali kwa pamoja, kwa bei ya juu. Kwa jicho ambalo kitovu cha retina, makula, kiliwahi kubanduka, ningekaa mbali nayo. Lenzi hizo hugawa mwanga mafungu, na jicho lililojeruhiwa linahitaji kila chembe ya mwanga ifike mahali pamoja. Pia uliza lenzi ni ya kitu gani. Za silikoni huepukwa katika macho yetu, kwa sababu ikibidi mafuta yarudishwe siku moja, yanaganda juu yake. Za akriliki ndizo hupendekezwa.

Kabla ya kulipa senti kwa chochote kati ya haya, fanya jaribio la bure. Chukua kadi ngumu, toboa tundu dogo la milimita 1 hivi, funika jicho zima, tazama maandishi ya mbali kwa jicho bovu kupitia tundu. Yakiwa wazi zaidi, kuna kitu ambacho miwani au lenzi inaweza kurekebisha. Yakibaki vile vile, tatizo pengine liko nyuma, kwenye retina, na miwani ya elfu hamsini itafanya kazi sawa na ya elfu tatu. Mimi kwa tundu hupanda mistari miwili ya ubao wa herufi, sizidi hapo. Naandika matokeo kila Jumapili kwa Peek Acuity, programu ya simu iliyojaribiwa hapa hapa Kenya, Nakuru, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015. Pia nimetengeneza ukurasa mdogo wenye miraba kama daftari la hesabu na kidoti katikati, ule mchoro wa Amsler. Kwa jicho la kulia mistari ya chini ya kidoti inapinda kama kamba ya nguo iliyolegea. Hiyo hakuna lenzi itakayoinyoosha, maana picha inafika sawasawa kwenye ukuta usio sawa. Na ikianza kupinda zaidi ghafla, si habari ya dukani, ni ya daktari.

Kwa upande huo dawa yangu imekuwa ni kazi yetu wenyewe. Nimekuza herufi za kihariri mpaka 18, nimeweka maandishi meupe juu ya nyeusi, na nina miwani ya skrini peke yake, iliyopimwa kwa sentimita 55 kutoka pua hadi kioo. Sivai ile ya namba zinazobadilika juu hadi chini; pembe zake zinanirudishia prizimu. Wakati wa mafuta, siku ambazo macho yalikataa kabisa, nilisikiliza kodi kwa NVDA, kisomaji skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, na kwenye Linux kwa Orca. Nilijifunza haraka ni tovuti gani za nyumbani zimeandikwa na watu wanaodhani kila mtu anaona. Kuna mstari mmoja tu wa kodi unaomzuia mtumiaji wa simu kukuza ukurasa kwa vidole viwili, na ajabu ni wangapi kati yetu wanauweka. Uondoeni, jamani.

Wiki iliyopita nilimpelekea daktari karatasi moja: skrini ya kazini 55, simu 33, kitabu 35, ubao wa mikutano mita 4, siendeshi gari usiku, jicho la kushoto sitaki liguswe. Akaisoma, akafungua matokeo ya vipimo. Lenzi bandia kwa kawaida huja kwa hatua za nusu dayopta, kwa hiyo hasi 3 kamili haikuwepo. Mashine ilitoa mbili za karibu: moja inatabiri hasi 2.79, nyingine hasi 3.15. Akaizungushia duara ya pili. Nilipouliza kwa nini, alisema kama ni kukosea, afadhali akosee kuelekea jicho la kushoto. Upasuaji ni tarehe 14 mwezi ujao, na wiki 6 baada ya hapo nitaandika hapa namba iliyotoka.